Vimondo (4): Mvua ya Moto ya Bwana Sorby

Agosti 2025, Sin-iti Sirono wa Chuo Kikuu cha Nagoya na mwenzake wa Italia, Diego Turrini, walieleza jinsi punje zilizomo ndani ya vimondo vya mawe zinavyoweza kutuambia sayari ya Mshtarii ilizaliwa lini. Nimefurahi, kwani muda mrefu nimetafuta kisingizio cha kumwandika Henry Clifton Sorby.

Punje hizo, kondruli, tulizitaja tulipotenganisha vimondo vya mawe na vya chuma kama kile cha Mbozi, ambacho hakina hata moja. Nyingi hazifiki milimita 1, nazo ni mviringo kama shanga.

Sorby alizaliwa Sheffield, Uingereza, katika ukoo wa watengeneza visu. Urithi ulimtosha, hakuajiriwa maisha yake yote. Wengine wangeutafuna; yeye, kuanzia 1849, aliketi kusaga mawe mpaka yakapitisha mwanga, kisha akayatazama kwa hadubini. Wakubwa walimcheka: nani huchunguza milima kwa hadubini? Akaendelea kusaga. Katika vimondo alikuta kioo ndani ya punje, na mwaka 1877 akaandika kwamba zilikuwa matone ya mwamba ulioyeyuka, mvua ya moto iliyoganda ikielea angani kabla ya kushikamana kuwa jiwe. Hilo halijatenguliwa. Maabara zimeongeza tarakimu: joto la nyuzi zaidi ya 1,500 za Selsiasi, kupoa kwa saa au siku chache, umri wa takriban miaka milioni 4,565.

Nasi je? Mwaka 1992 mawe yalinyesha Mbale, Uganda. Moja likapita kwenye mgomba, likamgonga kijana kichwani bila kumdhuru. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Thika, na wanunuzi wa kigeni wakafika upesi na fedha mkononi. Tunauza kwa gramu kitu ambacho wanafunzi wetu hawajawahi kukitazama, kisha tunalalamika kuwa sayansi ni ya wengine. Hadubini moja kwa kila sekondari, je, ni anasa?

Basi, moto ulioyeyusha kondruli ulitoka wapi? Wapo wanaotaja mawimbi ya mshtuko katika gesi, wapo wanaotaja radi. Sirono na Turrini wanasema Mshtarii ilivuruga miamba michanga ikagongana kwa kasi. Maji yaliyokuwamo yakageuka mvuke ghafla, yakaurusha mwamba ulioyeyuka vipande vidogo vidogo. Kwa hesabu yao, hayo yalitokea miaka milioni 1.8 baada ya mfumo wa Jua kuanza. Lakini zipo kondruli zenye umri unaokaribia ule wa mfumo wenyewe. Hizo tutazishughulikia toleo lijalo.