Kasuku Aliyebadilishiwa Mlezi

Kokatu ni jamii ya kasuku wenye kishungi, yaani manyoya marefu ya utosini ambayo ndege huyasimamisha anaposhtuka au kufurahi na kuyalaza anapotulia, na makao yake ya asili ni Australia, Guinea Mpya, Ufilipino na visiwa vya Indonesia. Hakuna hata spishi moja ya kokatu iliyotokea Afrika. Hata hivyo bahari inayopiga ufuko wa Kilwa na Lindi ndiyo ileile inayofika kwenye baadhi ya makao hayo, na mambo mengi yamekwisha kuvuka kutoka upande ule hadi upande huu: karafuu za Unguja na Pemba asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako ndiko anakoishi kokatu mkubwa mweupe mwenye kishungi cha rangi ya samoni, na mvinje, mti wa pwani ambao jina lake linasikika ndani ya jina la Kilwa Kivinje, ni jamaa wa miti ambayo mbegu zake ni karibu chakula pekee cha aina moja ya kokatu weusi wa Australia.

Biashara ya ndege hawa nayo ni ya zamani. Katika kitabu cha Kaisari Frederick II kuhusu uwindaji kwa kutumia ndege, ambacho nakala yake imehifadhiwa Vatikani, mna michoro minne ya kokatu iliyochorwa kati ya mwaka 1241 na 1248, naye ndege huyo alikuwa zawadi kutoka kwa Sultani al-Kamil wa Misri. Kwa hiyo, karne moja hivi kabla msafiri Ibn Battuta hajashuka Kilwa mwaka 1331, kokatu mmoja alikuwa amekwisha kupitishwa mikono mingi, kutoka visiwa vya mashariki hadi Kairo na kutoka Kairo hadi Italia. Haidhuru kumwita ndege wa mtumba, kwa maana wengi wa ndege wa jamii hii wanaofugwa hupitia mlezi zaidi ya mmoja, na sababu yake imo katika maumbile yao wenyewe.

Sababu ya kwanza ni umri. Kokatu mkubwa anayetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 50 au zaidi. Cookie, kokatu wa waridi aliyekaa katika bustani ya wanyama ya Brookfield karibu na Chicago, alikufa mwaka 2016 akiwa na miaka 83. Mlezi huzeeka, huhama au hufariki, na ndege hubaki. Sababu ya pili ni kelele, kwa kuwa alfajiri na jioni kokatu huita kwa sauti ambayo porini ingelikusanya kundi zima kutoka bonde la pili, lakini katika nyumba ya vyumba vitatu huwagombanisha majirani. Ya tatu ni unga mweupe laini kama poda unaotoka katika baadhi ya manyoya yake, ambao hutanda juu ya vyombo na kuwatesa wenye pumu. Anayemnunua kinda mwenye kubembeleza huwa hajaambiwa habari hizi, na miaka michache baadaye ndege hutafutiwa nyumba nyingine.

Pwani ya Lindi ina kasuku wake wa asili. Kasuku kichwa-kahawia, ndege wa kijani mwenye urefu wa sentimita 22 hivi, macho ya manjano na rangi ya manjano chini ya bawa inayoonekana anaporuka, hupatikana kuanzia pwani ya Kenya hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, akipenda penye mibuyu, minazi na mashamba, na hutaga katika tundu la mti. Katika Kiswahili neno tundu hubeba maana mbili ambazo kwa ndege huyu ni kama uhai na kifungo: shimo la mti analozaliwa, na kizimba cha fito au nondo anamoishia akikamatwa. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ndege hai duniani, hasa kasuku wadogo waitwao cherero, na kasuku kichwa-kahawia naye alisafirishwa. Marekani ilibana uingizaji wa ndege wa porini kwa sheria ya mwaka 1992, Umoja wa Ulaya ukaufunga moja kwa moja mwaka 2007, na mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa Kilwa Masoko au Lindi mjini anayeahidiwa kasuku na mtu anayehama hana budi kuanza na karatasi kabla ya kizimba. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma, na kumfuga kasuku wa porini bila kibali ni kosa hata kama alitolewa bure. Wa kuulizwa ni ofisi za wanyamapori, zikiwamo za Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ambayo wenyeji wa Kilwa huijua zaidi kwa kusimamia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Ndege wa kigeni naye ana masharti yake, kwani karibu kasuku wote duniani wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo na Uganda alipandishwa katika orodha ya ulinzi mkali zaidi katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016.

Ndege akishapatikana kwa njia ya halali, wiki za mwanzo ni za afya kuliko mapenzi. Inafaa atengwe kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi mbali na kuku wa nyumbani, kwa kuwa kideri, ugonjwa unaofyeka kuku wa vijijini, huweza kuwapata kasuku pia, na kasuku nao wanaweza kumwambukiza binadamu homa yao inayoshambulia mapafu. Moshi nao ni adui. Mapafu ya ndege yameunganishwa na vifuko vya hewa vinavyoifanya hewa ipite ndani kwa mkondo mmoja, hivyo huvuta hewa safi kwa ufanisi mkubwa na sumu kwa ufanisi uleule. Jiko la mkaa, kikaango kisichonata kilichoungua, hata chetezo cha udi kinachopitishwa chumbani jioni, vyote hivyo vinaweza kumdhuru ndege aliye pembeni.

Chakula hakisumbui sana katika mkoa wenye mashamba kama Lindi. Kasuku aliyelishwa alizeti na karanga peke yake hunenepa ini, kwa hiyo huongezewa polepole papai, mchicha, choroko zilizochemshwa na kipande cha nazi, huku kumbi la dafu likimfaa kwa kutafuna na kuchambua siku nzima. Parachichi ni sumu kwake. Na kwa kuwa hapa ni nchi ya mikorosho, ni muhimu kukumbuka kwamba ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayounguza ngozi ya mbanguaji, sembuse ulimi wa ndege. Kiini kilichobanguliwa, kikakaangwa bila chumvi, ndicho kinachofaa, tena kidogo.

Baada ya afya na chakula ndipo linapoanza suala lenyewe la imani kati ya ndege na mlezi wake, na wengi hukosea kwa sababu hufikiri kwamba kasuku ni kuku mwenye akili. Kuku amefugwa na binadamu kwa maelfu ya miaka, na waliokuwa wakali wamekwisha kuchujwa vizazi kwa vizazi. Kokatu aliyeanguliwa ndani ya nyumba yuko vizazi vichache tu kutoka porini, na porini yeye ni windo. Macho yake yako pembeni mwa kichwa ili aone mwewe kutoka pande zote, mkono unaoshuka kutoka juu hufanana na kucha za mwewe huyo, na mtu anayemkodolea macho kwa uso mzima hufanana na mnyama anayepima shabaha. Kile ambacho mlezi mpya hukiita ukaidi, kwa kawaida ni hofu iliyochanganyika na kumbukumbu, kwani kasuku huunga urafiki na mwenzi mmoja kwa muda mrefu, na aliyeondolewa kwa mwenzi huyo, awe ndege au mtu, huweza kunyamaza, kupiga mayowe au kujinyonyoa manyoya ya kifua hadi ngozi ikaonekana.

Kwa hiyo kazi ya siku za mwanzo ni kukaa tu. Mlezi huweka upande mmoja wa kizimba ukutani ili ndege awe na mahali pasipotokea mtu, huketi ubavuni akisoma au akichambua mchele huku akizungumza kwa sauti ya chini, na huacha punje moja ya kile ambacho ndege amekipenda kuliko vyote kwenye kikombe kila anapopita, bila kusubiri shukrani. Umbali ndio kipimo. Ndege akiyabana manyoya mwilini akawa mwembamba, au akisimamisha kishungi na kuegemea nyuma, mtu amekaribia mno na anapaswa kurudi hatua moja. Asiporudi, ndege hujifunza kwamba ishara zake hazisikilizwi na kwamba lugha pekee inayoeleweka katika nyumba hiyo ni kuuma. Akishauma, kumpigia kelele hakufai kitu, maana kwa kiumbe kinachoishi kwa kelele huo ni mchezo.

Baada ya majuma au miezi, kwani hakuna kalenda, kipande cha papai hushikwa kwa vidole kati ya nondo. Kokatu hukitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, hukigusa kwa ulimi mkavu mweusi na kukiacha. Siku nyingine hukichukua na kukidondosha makusudi. Siku nyingine hukishika kwa mguu, mara nyingi wa kushoto, kwa kuwa wengi wa kokatu ni mashoto, na kukila mbele ya mtu badala ya kukimbilia pembe ya mbali. Tofauti hiyo ndogo, ya kula akiwa amemwelekea mtu, ina thamani kuliko neno lolote atakalofundishwa kulikariri. Baadaye kijiti huletwa usawa wa tumbo lake pamoja na neno moja lisilobadilika, kama vile “panda”, naye hulipwa kwa kukikanyaga tu kwa mguu mmoja, na anapokataa huachwa akatae, kwa sababu ndege aliyekwisha kunyang'anywa nyumba hana kitu kingine cha kumiliki isipokuwa hiari hiyo.

Katika latitudo ya Kilwa usiku huwa na urefu wa karibu saa 12 mwaka mzima, ambazo ni karibu sawa na usingizi anaouhitaji. Kizimba kikifunikwa kanga kuukuu baada ya magharibi, ndege ambaye bado ana hofu hukaa kimya, miguu yote miwili ikiwa imekaza fito. Aliyetulia hutunisha manyoya ya shavu mpaka yakafunika nusu ya mdomo, hukunja mguu mmoja tumboni, na kutoka chini ya kanga husikika mkwaruzo mdogo wa taya la chini likisagwa juu ya la juu, taratibu, mpaka unakoma.