Uhakiki wa Tangazo Kabla ya Kuchapishwa

Mfanyabiashara anayetangaza jokofu kwa shilingi 500,000 na kuandika “bei inajumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani”, ilhali alikusudia “haijumuishi”, amezua mgogoro wa shilingi 90,000 kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 cha Tanzania Bara. Programu ya kusahihisha tahajia haitalitambua kosa hilo, kwani maneno yote mawili ni Kiswahili sahihi. Vivyo hivyo “punguzo la hadi asilimia 50” likidondokewa na neno “hadi” huwa ahadi nyingine kabisa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Mlaji aliyesafiri kutoka wilayani kufuata bei isiyokuwapo hafarijiki kuambiwa kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Saa nazo ziangaliwe. “Saa 2:00” pekee ni asubuhi au usiku kwa mmoja, na ni mchana kwa aliyezoea hesabu ya Kiingereza.

Aliyeandika asiwe msomaji wa mwisho, maana jicho lake huona alichokusudia. Mwenzake asome kwa sauti, akilinganisha kila tarakimu na orodha ya bei. Namba ya malipo ya simu ijaribiwe kwa kiasi kidogo na jina linalotokea lithibitishwe: tarakimu moja ikikosewa, fedha ya mteja huingia kwa asiyehusika.

Mlaji naye ahifadhi nakala ya tangazo pamoja na risiti.