Historia niliyoifundisha bila kuiona

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Nawataka radhi leo, maana mimi nimeishi kwingi lakini sikuwa nimeona. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, nikawafundisha vijana wa Pwani habari za miji ya kale ya Waswahili. Niliitaja Jumba la Mtwana, Mnarani na Gede kama mtu atajaye majina ya jamaa zake wa karibu. Wanafunzi waliandika, wakakariri, wakapita mitihani. Na katika miaka yote hiyo, msomaji mpendwa, mguu wangu haukuwahi kukanyaga hata mmojawapo wa miji hiyo.

Siri hii ningekwenda nayo kaburini lau si kijana mmoja mwendeshaji wa bodaboda.

Kijana huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Aliketi nyuma ya darasa, karibu na dirisha, na alipofika kidato cha tatu akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, asionekane tena. Miezi michache iliyopita nilimkuta katika kituo cha pikipiki mjini Mombasa. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akashuka kwenye pikipiki ili asinisalimu hali ameketi.

Alinieleza kwamba siku za kazi hubeba abiria kama wenzake, na mwisho wa juma huwachukua wageni, mmoja mmoja, akawatembeza kutwa nzima kutoka Mombasa hadi Malindi na kuwasimulia habari za kila mahali wanapopita. Kisha akauliza kwa adabu, bila ya kejeli yoyote: "Mwalimu, wewe ulipokwenda Gede, ni nyumba ipi iliyokuvutia zaidi?"

Nilikohoa. Nikatazama kando. Mwenye hekima haambiwi mara mbili, naye kijana alielewa. "Basi Jumamosi nitakupeleka," alisema. "Ila utalipa kama mgeni mwingine, mwalimu. Hii ni kazi."

Tulikutana alfajiri. Aliniletea kofia ngumu na fulana ya kuakisi mwanga, naye akavaa zake. Alikagua magurudumu, akabonyeza breki, akagusa mnyororo kwa kidole kuona kama umelegea. Kisha akanipa somo fupi kuliko yote niliyowahi kupewa: nimshike kiunoni, nisiteremke kabla hajaniambia, na tunapokata kona niiname upande anaoinamia yeye. "Abiria anayepinga kona ndiye anayetuangusha sote wawili," alisema. Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji pikipiki abebe abiria mmoja tu, na wote wawili wavae kofia na fulana. Sote tunajua jinsi sheria hiyo inavyopuuzwa na jinsi wodi za hospitali zinavyojaa vijana waliovunjika miguu. Kijana huyu hakuipuuza, nami nikaanza kumheshimu kabla hata injini haijawaka.

Tulivuka Daraja la Nyali jua likichomoza. Mwendo mfupi tu akapunguza kasi na kunionyesha kengele ya Kengeleni. Mara ngapi nimepita pale ndani ya matatu nikiwaza nauli! Akanikumbusha kuwa hapo ndipo ilipoanzishwa Frere Town mwaka 1875, makao ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Jina nililijua na mwaka niliujua. Nisichowahi kukifanya ni kusimama chini ya kengele ile na kumfikiria mtu aliyeteremshwa pwani ya ugenini, asiyejua kama waliomshika mkono ni waokozi au ni wanunuzi wengine.

Katika gari lililofungwa madirisha, safari ni kule uendako tu. Juu ya pikipiki, safari ni kila hatua ya njia. Nilinusa samaki wa asubuhi, moshi wa kuni na mahamri. Pepo za bahari zilinipiga shavu la kulia. Na pale kijana alipotaka kusimama, alisimama, bila utingo wa kupiga mwili wa gari kwa kiganja na kutuhimiza tuondoke.

Baada ya kuvuka daraja la Mtwapa tuliiacha lami, tukafuata njia ya vumbi hadi Jumba la Mtwana. Mji huu ulistawi katika karne ya 14, ukahamwa katika karne iliyofuata. Misikiti yake ingaliko, na mmojawapo umesimama karibu mno na bahari hata mtu aliye ndani husikia mawimbi. Kijana aliweka mkono juu ya ukuta, akaniomba nami niuweke wangu.

"Mwalimu," akasema, "jiwe hili limetoka wapi?"

"Ni tumbawe," nilimjibu. "Limetoka baharini."

"Na chokaa?"

"Ni matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa."

"Na boriti zilizokuwa darini?"

"Mikoko."

Akatikisa kichwa kukubali, asiongeze neno. Sikujua bado kwamba alikuwa ananijengea hoja, kama nilivyozoea mimi kuwajengea wanafunzi wangu.

Tuliendelea kaskazini. Mashamba ya mkonge ya Vipingo yalipita pande zote mbili, safu baada ya safu, kama daftari lenye mistari ya kijani. Huko Kilifi alinipeleka kwanza Mnarani, penye kaburi la mnara na mabaki ya msikiti juu ya genge, na chini yake mkono wa bahari unang'aa. Kutoka pale tuliliona daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla yake wasafiri walivuka kwa feri, nami naikumbuka vyema foleni ile ya saa nyingi na wachuuzi wa korosho. Hivyo basi niliwahi kukaa kutwa nzima nikingojea feri chini ya genge hilo hilo, nisipande kutazama kilichokuwa juu!

Mbele ya Kilifi tuliandamana na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ni mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki, wenye eneo la kilomita mraba 420 hivi. Kijana alisema kwamba tangu mwaka 1993, chini ya mradi uitwao Kipepeo, jamaa wanaoishi kandokando ya msitu huo wamekuwa wakifuga viluwiluwi vya vipepeo na kuviuza ng'ambo, ili msitu uwafae ungali umesimama.

Saa sita mchana tuliingia Gede.

Sitajaribu kuieleza Gede yote. Niseme tu kwamba niliposoma habari zake nilidhani ni magofu machache ya kutazamwa kwa dakika kumi. Nilikuta mji wenye kuta, mtaa na mtaa, nyumba na nyumba, na mibuyu iliyoota pasipo ruhusa ya mtu. Lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Tangu mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimbua hapo, nyumba kadhaa zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake: nyumba ya makasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kauri. Vyombo vya kaure kutoka Uchina vilipatikana pia. Na zaidi ya yote, kijana alinionyesha vyoo vilivyojengwa ndani ya nyumba.

"Ulitufundisha kwamba Gede ulikuwa mji tajiri," alisema. "Lakini hukutuambia habari za vyoo. Lau ungetuambia, hata wale tuliokuwa tukisinzia tungeamka."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tulikuwa tumefika kwenye kisima kikubwa karibu na msikiti, naye akaketi ukingoni.

"Mwalimu, siku moja uliandika ubaoni kwamba miji hii ilijengwa na wageni waliotoka ng'ambo. Mimi nyumbani kwetu ni hapa. Nilikuwa nikichunga mbuzi nje ya kuta hizi. Nilirudi nyumbani nikamwambia nyanya yangu kuwa mwalimu amesema wazee wetu hawakujenga chochote. Hakunijibu. Alikuwa akisuka ukili, akaendelea kusuka."

Wasomaji wangu walio walimu, naomba mkae nami kidogo ukingoni mwa kisima kile. Sikuwa nimekusudia kumdhuru mtoto yeyote. Nilifundisha kilichokuwa katika vitabu vya enzi hizo, navyo viliandikwa na watu walioamini kwamba jiwe likiwekwa juu ya jiwe katika Afrika, basi aliyeliweka ametoka kwingine. Tangu wakati huo wanaakiolojia, wakiwemo Wakenya, wameonyesha kwamba miji hii ilichipuka kutoka katika vijiji vya wenyeji, wavuvi na wakulima, waliofanya biashara na walimwengu na kuoana nao. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu waliozikwa katika miji ya kale ya Pwani, Mtwapa ukiwa mmojawapo. Waligundua kwamba wengi wao walikuwa na asili mbili zilizochanganyika: ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kina mama, na ya Kiasia, hasa ya Uajemi, kwa upande wa kina baba. Wageni walikuja, naam. Lakini walipokelewa na wenyeji, wakazaa na wenyeji, na mawe, chokaa na boriti vyote vilikuwa vya hapa.

Hapo ndipo nilipouelewa mkono wangu juu ya ukuta wa Jumba la Mtwana.

"Niwie radhi, mwanangu," nilimwambia. Sijui kama nimewahi kumwomba radhi mwanafunzi kabla ya siku hiyo.

"Yameisha, mwalimu," akajibu. "Twende tule. Malindi bado mbali kidogo."

Malindi tuliitazama nguzo ya Vasco da Gama, yule Mreno aliyekaribishwa hapo mwaka 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Kisha tulikwenda kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kupinga utawala wa Mwingereza mwaka 1913 na 1914. Nilimlipa kijana ujira wake wote, nikaongeza kidogo, naye akanihesabia pesa mbele ya macho yangu, akanirudishia kilichozidi. Hasafiri usiku, kwa hivyo alielekea kwao Gede, nami nikapanda matatu kurudi Mombasa. Madirisha yalifungwa, redio ikanguruma. Zile kilomita 120 zilizonichukua kutwa nzima zikamezwa na giza, na sikuona kitu.

Sasa nisieleweke vibaya. Siwashauri wakuu wa shule wawapakie wanafunzi kwenye pikipiki. Barabara zetu hazina huruma, na uhai wa mtoto haurudi. Ninalosema ni kwamba mwalimu wa historia, hata mmoja katika kila shule, aende mwenyewe kwanza, kwa pikipiki yenye dereva makini, kwa basi au kwa miguu, akaguse kile anachokifundisha. Kisha awapeleke wanafunzi wake kwa gari la shule. Ziko shule ambazo kutoka uwanjani mwake mtoto aweza kutembea hadi Gede, na bado yamkini wapo watahiniwa wanaoijua kwa picha ya kitabuni peke yake.

Najua majibu nitakayopewa. Silabasi ni ndefu, fedha ni haba, mtihani unabisha hodi. Nami niliyatoa majibu hayo hayo kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi atende na aone, asikariri tu. Na Gede sasa si mali yetu peke yetu: mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuingiza mji huo katika orodha ya turathi za dunia. Itakuwa aibu iliyoje mgeni avuke bahari mbili kuja kuutazama, hali mwenyeji anaupita kila siku akienda sokoni!

Lipo na jambo la pili. Vijana kama huyu wametapakaa kote Pwani. Hawana vyeti, lakini wanazijua njia, wanayajua majina ya miti na ya mizimu, na wengine wamesoma kwa juhudi zao wenyewe kuliko sisi tuliolipwa kusoma. Tuwaite shuleni wazungumze na wanafunzi. Tuwalipe wanapofanya hivyo, maana ni kazi. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na hakuna sheria isemayo kwamba mwenye kuuliza lazima awe mwanafunzi.

Juma lililofuata nililiendea sanduku langu la zamani, nikatoa daftari la maandalio ya masomo. Ukurasa ule ungaliko, kwa mwandiko wangu mwenyewe: miji ilijengwa na wageni. Nimeupiga mstari kwa wino mwekundu, kama nilivyokuwa nikiwapigia wao.