Deni Likikulemea: Jua Njia za Kisheria Kabla Dalali Hajabisha

Machi 2020, Somalia ilifunga milango kwa miraa ya Kenya. Soko lilifunguliwa tena Julai 2022. Mfanyabiashara wa Maua aliyekopa akitegemea ndege ya Mogadishu alibaki na deni bila soko. Mei 2024 ikawa zamu ya Embu, Mombasa ilipopiga marufuku muguka, hadi Mahakama Kuu ikaingilia kati. Biashara inaweza kuanguka bila kosa lako. Swali ni je, utafanya nini ikianguka?

Wengi huzima simu, ama hukopa hapa walipe pale. Hiyo haisaidii. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ina njia bora.

Deni ni la nani?

Kama duka lako limesajiliwa kwa jina la biashara tu, deni la duka ni lako. Kama ni kampuni yenye dhima ya kikomo, deni ni la kampuni, isipokuwa uliweka sahihi kama mdhamini. Angalia karatasi za mkopo leo, sio siku dalali amefika.

Kama huna mali

Ukiwa na madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000, na huna mali wala uwezo wa kulipa, unaweza kumwomba Mpokeaji Rasmi, aliye chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, akuingize kwenye utaratibu wa wasio na mali. Wadai wanazuiwa kukufuata, na baada ya miezi 12 madeni yaliyohusika hufutwa. Lakini matunzo ya watoto hayafutwi, na mdhamini wako bado anadaiwa. Ukificha shamba ama ng'ombe, au ulikopa ukijua hutalipa, utakataliwa.

Kama una kipato kidogo, kuna mpango wa kulipa kwa awamu. Kutangazwa mufilisi ni hatua nzito zaidi: mali yako husimamiwa na mtu mwingine, ingawa vifaa vya kazi na vyombo muhimu vya nyumbani huachwa.

Kama ni wewe unayedai

Wasambazaji wa bidhaa walijifunza hili kwa Nakumatt, ambayo wadai wake walipiga kura ifungwe Januari 2020. Kampuni ikifilisiwa, mwenye dhamana hulipwa kutoka kwa mali aliyoishikilia. Kwa mali nyingine, gharama za ufilisi hutangulia, kisha mishahara ya wafanyakazi hadi kiwango kilichowekwa, halafu kodi. Uliyetoa mzigo kwa mkopo bila dhamana uko nyuma ya foleni. Peleka dai lako kwa mfilisi mapema, na uambatanishe ushahidi.

Simu yako ni ushahidi

Hapa ndipo tunaingia. Pakua taarifa ya miamala ya mwaka mzima. Inaonyesha uliyemlipa, lini na kiasi gani, na pia aliyekulipa. Pokea malipo ya biashara kwenye namba ya till, usichanganye na pesa ya unga.

Mwisho, jihadhari. Mtu akikupigia akisema atakufutia deni ukimtumia "ada kidogo" na PIN, kata simu. Sisi hatuulizi PIN kamwe. Anza na Huduma Centre ya Meru au Embu uelekezwe, au umwone wakili.

Kufilisika si aibu. Kunyamaza ndiko kunakogharimu.