Simu, Shule na Mtandao: Yaliyopita Tanga na Mustakabali wa Intaneti

Wanaotabiri mustakabali wa intaneti hutazama zaidi mitambo. Sisi wa taaluma ya Kiswahili tunao ushahidi mwingine, nao ni maneno, kwani aghalabu neno huishi kuliko chombo lililokitaja. Tuchukue *simu*. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Kebo ya telegrafu ilipofika Unguja kwa njia ya bahari mwaka 1879, waya ulikuwa ndio uhai wa chombo chenyewe. Ilipokuja telegrafu isiyo na waya, watu wakaiita *simu ya upepo*, wala hawakuona kioja. Leo mvuvi wa Tongoni anayo simu mfukoni, na waya haumo. *Vocha* nayo imeshika njia hiyohiyo: salio hununuliwa kwa pesa zilizomo katika simu, kikaratasi cha kukwangua hakionekani, na bado mtu husema ameweka vocha.

Hata hivyo, kudumu kwa neno ni jambo moja. Nani huamua lipi lidumu ni jambo jingine, na hapo Tanga inatufunza zaidi. Katika miaka ya 1890 Wadachi walifungua hapo shule ya serikali, iliyofundisha Kiswahili kwa hati za Kirumi. Mwaka 1904 likaanza gazeti la *Kiongozi*. Pwani hii haikuwa ikingojea kufundishwa kuandika: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikwisha kutunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, kwa hati za Kiarabu. Ni kweli kwamba hati hizo hazikupambanua vema *e* na *i*, wala *o* na *u*. Lakini wasomaji wake walizizoea. Kilichozishinda hasa ni ajira. Akida na karani walitakiwa kusoma na kuandika barua za boma. Aliyejua hati za Kiarabu pekee akawa, machoni pa serikali, kama asiyejua kusoma. J. W. T. Allen alipouchapisha utenzi huo mwaka 1955, ulitoka kwa hati za Kirumi. Neno *shule* lenyewe ni la Kidachi. *Chuo* kilibaki kwa watoto wa Kurani, kisha, ajabu, kikapanda hadi chuo kikuu.

Kwa kipimo hicho nadiriki kusema kwamba *mtandao* utadumu, kwa kuwa kila msemaji husikia *kutanda* ndani yake. *Ngamizi* halikuweza kuitoa *kompyuta* Tanzania, kwa sababu wauzaji na mafundi hawakulihitaji. Hofu yangu iko kwingine. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilijenga usanifu juu ya Kiunguja; Kimtang'ata kikabaki vinywani. Kebo ya SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 iliongeza kasi, haikuongeza lahaja. Mashine zinazotafsiri na kutunga hujifunza kwa yaliyoandikwa, na yaliyoandikwa kwa Kimtang'ata ni haba mno. Basi mzee wa Mtang'ata atakayetaka kusemezana na mashine atalazimika kuacha usemi wake, kama karani alivyolazimika kuacha hati zake.

Tofauti moja ipo. Ujumbe wa sauti hauhitaji hati wala tahajia, na wazee wengi huupenda kuliko kuandika. Kimtang'ata kinapita humo kila siku, kisha kinafutwa simu inapojaa.