Butembo: Akiwa na miaka 58, mwalimu amaliza kilomita 21 kwa mara ya kwanza

Butembo, Kivu ya Kaskazini. – Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkaaji wa komini ya Mususa, alimaliza nusu-marathoni yake ya kwanza mwezi wa nane huko Kasese, nchini Uganda. Alitumia saa 2 na dakika 52. Ana miaka 58, ni baba wa watoto saba, na kabla ya mwezi wa tatu wa mwaka huo hakuwa amekimbia hata kilomita moja tangu aache mpira wa miguu akiwa kijana. Ameomba jina lake lisitajwe. Anasema hataki sifa, anataka tu watu wa rika lake wenye tansiyo wajue kwamba muda wa mazoezi haujawapita.

Kilomita 21 na mita 97 na nusu, ndio urefu kamili wa nusu-marathoni. Mganda Jacob Kiplimo aliikimbia kwa dakika 57 na sekunde 31 huko Lisbon mwaka 2021. Mwalimu wetu alitumia karibu mara tatu ya muda huo. Lakini yeye hakuwa anashindana na Kiplimo.

Namba mbili kwenye karatasi ya muganga

Mambo yalianza kwa msiba. Kaka yake mkubwa alianguka nyumbani kwa kiharusi, ile ambayo wengi huita AVC, na hakuamka tena. Baada ya matanga, mke wa mwalimu alimlazimisha kwenda kupimwa. Kipimo kilionyesha 158 kwa 96. Kwa waganga, kuanzia 140 kwa 90 tayari ni tansiyo ya juu. Alirudi siku nyingine mbili, namba zikabaki kulekule. Hakuwa na maumivu yoyote, na hapo ndipo ugonjwa huu unawadanganya wengi: hauumi mpaka siku unapoangusha mtu.

Muganga alimpa dawa ya kila siku, akamwambia apunguze chumvi na makayabo, kisha aanze kutembea. Shirika la afya duniani, OMS, katika maelekezo yake ya mwaka 2020 linaomba watu wazima, hata wazee, wafanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya kadiri kila wiki. Mwalimu aliuliza swali ambalo waganga wanalisikia kila siku: nikifanya mazoezi vizuri, naweza kuacha dawa? Jibu lilikuwa hapana. Dawa inapunguzwa na muganga, baada ya vipimo, na kuiacha mwenyewe kwa sababu unajisikia vizuri ni hatari kubwa.

Alirudi nyumbani akanunua kaye ya shule. Ukurasa wa kushoto aliandika dawa na tansiyo ya kila juma. Ukurasa wa kulia, dakika za mazoezi. Mwezi mmoja alitembea tu. Kisha mpwa wake anayeishi Bwera, ng’ambo ya mpaka wa Kasindi, akamweleza juu ya Rwenzori Marathon, mbio zinazofanyika Kasese kila mwaka tangu 2022, zenye umbali wa kilomita 42, 21, 10 na 5. Mwalimu alijiambia kwamba bila tarehe mbele yake atachoka baada ya wiki mbili. Akachagua 21.

Kwetu, mtu mzima hakimbii bure

Asubuhi za kwanza zilikuwa ngumu, lakini si kwa sababu ya mapafu. Katika eneo la Beni na Lubero watu wameona miaka mingi ya vita na mauaji. Mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, watu hawafikirii michezo. Wanatoka nyumbani na kuuliza kuna nini, risasi zimelia wapi. Mama mmoja muuza mikate alikusanya hata meza yake alipomwona anapita mbio. Watoto walimuuliza ni nani anamfukuza. Wamotari walisimama mara nyingi kumtolea msaada.

Mwalimu alielewa kwamba si kosa lao. Alitafuta jezi ya rangi ya manjano inayoonekana mbali, akaanza kusalimia kila mtu anayemkuta njiani, hata kama pumzi ni fupi. Baada ya wiki tatu mtaa ulimzoea. Baada ya miezi miwili walikuwa wanne: yeye, walimu wawili na mama mmoja muuguzi mwenye miaka 51.

Usalama uliamua pia saa na njia. Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa tano 2021, na hakuna mwenye akili anayekimbia gizani. Walitoka mwangaza ukiwa umekwisha kupanda, na hawakuvuka mipaka ya mji. Barabara ya taifa namba 2 kuelekea Beni ni nzuri kwa miguu, lakini waliiacha. Kilomita 18 za mazoezi marefu, walizifanya kwa kuzunguka njia moja ya kilomita 3 mara sita, wakipita mbele ya nyumba zao. Inachosha akili, lakini kila mtu nyumbani alijua wako wapi.

Miezi sita ya kwenda polepole

Programu yao ilikuwa rahisi. Siku tatu za kukimbia kwa wiki, siku mbili za kutembea, siku mbili za kupumzika. Wiki za kwanza walikimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, kwa nusu saa. Kisha dakika mbili kwa mbili, kisha tano kwa moja. Njia hii ya kuchanganya mbio na matembezi ilijulikana duniani kupitia Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Wengine wanaona kutembea ni kushindwa. Kwa mwili wa miaka 58, ndiyo inayofikisha mtu mwisho.

Siku ya posho ilikuwa ya mazoezi marefu: kilomita 5, halafu 6, halafu 7. Kila wiki ya nne walipunguza ili mwili upumzike. Mtu wa miaka 20 anaamka mzima siku inayofuata. Mtu anayekaribia 60, misuli yake inahitaji siku mbili au tatu, na ndani ya mapumziko hayo ndimo nguvu inajengwa.

Kuhusu moyo, wengi wanatumia hesabu ya 220 kutoa miaka ya mtu ili kujua mapigo ya juu kabisa. Kwa miaka 58 inatoa 162. Lakini hiyo ni wastani tu, na dawa fulani za tansiyo zinapunguza mapigo, kwa hiyo namba inaweza kudanganya. Muganga alimpa kipimo kisichohitaji saa: ukikimbia na huwezi kusema sentensi nzima kwa jirani yako, umezidisha, punguza. Alimpa pia alama za kusimama papohapo: maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi inayokatika isivyo kawaida, moyo unaorukaruka.

Chakula hakikubadilika sana. Fufu, maharagi, sombe, viazi, ndizi, samaki mbichi wa ziwa Edward badala ya makayabo. Asubuhi ya mazoezi marefu, ndizi mbili na chai.

Viatu, miteremko na diklofenaki

Butembo ni mji wa vilima, zaidi ya mita 1 700 juu ya usawa wa bahari. Kupanda kunajenga moyo, lakini kuteremka kunapiga magoti. Wiki ya 11 mwalimu alipata maumivu nyuma ya kisigino, kwenye mshipa mkubwa unaoshika misuli ya mguu. Viatu vyake vya mitumba, vya dola 12, vilikuwa vimekwisha chini.

Jirani alimletea diklofenaki. Kwetu dawa hii inauzwa kama pipi, na wachezaji wengi wanaimeza kabla ya mechi. Mama muuguzi wa kikundi alimkataza. Dawa za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kupandisha tansiyo na kuumiza figo, zaidi sana mtu anapotoka jasho nyingi. Tena zinaficha maumivu, na mtu anaendelea kuharibu mguu bila kujua. Alipumzika siku kumi, akatembea tu, akanunua viatu vingine, na kila jioni alisimama kwenye ngazi ya mlango, akinyanyua na kushusha visigino polepole. Alirudi kwenye mbio akiwa amepoteza wiki mbili, lakini mguu ulikuwa mzima.

Siku ya Kasese

Walisafiri wawili, mwalimu na muuguzi. Butembo mpaka Beni, kisha Kasindi, mchana, kwa basi. Ng’ambo ya mpaka walilala kwa ndugu. Lugha haikuwa tatizo: Kikonzo cha Kasese na Kinande cha Butembo ni kama ndugu wa tumbo moja.

Mtu wa Butembo anafika Kasese na faida moja na hasara moja. Faida ni mapafu, kwa sababu amezoea hewa ya juu na Kasese iko chini zaidi. Hasara ni joto. Jua likipanda, mtu aliyezoea baridi ya Lubero anaungua. Kwa hiyo walikubaliana kuanza nyuma kabisa, na kutembea dakika moja kwenye kila kituo cha maji.

Mpaka kilomita 15 mwalimu alikwenda vizuri, chini kidogo ya dakika 8 kwa kilomita. Vijana waliompita mwanzoni alianza kuwakuta wakitembea. Kisha joto likamshika. Kilomita ya 17 paja lilikaza, akasimama, akalinyosha. Alikunywa kwa kiu, bila kujaza tumbo, maana maji mengi kupita kiasi bila chumvi yanaweza pia kumwangusha mkimbiaji. Kilomita nne za mwisho alikimbia dakika tatu na kutembea moja. Muuguzi alikuwa amefika dakika sita mbele yake.

Sio wa kwanza, si wa mwisho

Duniani wako wazee waliokwenda mbali zaidi. Fauja Singh, mzaliwa wa India aliyeishi Uingereza, alikimbia marathoni ya London mwaka 2000, akiwa na miaka 89 kwa mujibu wa pasipoti yake. Mwaka 2011 alimaliza ile ya Toronto, akihesabiwa kuwa na miaka 100. Kitabu cha Guinness hakikuandika rekodi yake kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, jambo ambalo wazee wetu wengi wanalielewa vizuri. Na Kivu ya Kaskazini ina wakimbiaji wake: Makorobondo Salukombo, wa Kirotshe, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kwa bendera ya Congo.

Leo kaye ya mwalimu inaonyesha 134 kwa 84. Bado anameza dawa. Muganga amepunguza kipimo, hajaiondoa, na ameeleza kwamba matokeo yanatokana na mambo matatu pamoja: dawa, chumvi kidogo, na mazoezi. Akiacha moja, namba zitapanda.

Kwa mwenye miaka zaidi ya 50 anayetaka kuanza, wanakikundi wanashauri hivi: pima tansiyo na sukari kwanza, na kama una ugonjwa wa moyo omba ruhusa ya muganga. Tembea mwezi mzima kabla ya kukimbia. Usikimbie peke yako, usikimbie gizani, na sema nyumbani njia unayopita. Usinunue dawa ya maumivu ili uendelee.

Siku ya posho, saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, kikundi kinakutana Mususa. Sasa wako kumi na mmoja. Mama muuza mikate hakusanyi tena meza yake. Shemeji yake ameingia kikundini, na wiki hii amefikisha dakika tano bila kusimama.