Kuambaa na Kuambata: Jinsi Bakteria Wanavyoshika Utumbo wa Ndama

Wilaya za Masasi na Newala hazikuwa tangu zamani nchi ya ng'ombe. Mbung'o katika mapori ya chini, na uhaba wa maji juu ya uwanda wa Wamakonde, viliwafanya watu wategemee jembe, na baadaye korosho. Mtu wa Mkomaindo anayenunua mtamba leo huenda hakurithi kwa babu zake elimu ya kulea ndama. Hana budi kuipata kwa maneno. Ndiyo sababu mwanafunzi wa lugha anathubutu kuandika juu ya jambo la waganga wa mifugo.

Ndama mchanga, hasa katika siku nne za kwanza, aweza kushikwa na kuhara maji akafa upesi. Mmoja wa wanaosababisha maradhi hayo ni bakteria aitwaye E. koli. Wengi wa jamii yake hukaa tumboni bila ya kudhuru, kwa kuwa huambaa tu: huchukuliwa na mkondo wa chakula, wakapita kando ya ukuta wa utumbo, wakatoka. Aina yenye madhara huambata.

Vitenzi hivi viwili vyatofautishwa na kiambishi -at-, kiambishi cha kale katika lugha za Kibantu, chenye maana ya kugusa na kushikilia. Twakiona pia katika fumba na fumbata.

Kinachoambata ni protini. Juu ya mwili wa bakteria huyu huota nyuzi nyembamba mno za protini, zilizopewa jina la Kilatini fimbria, yaani matamvua, kama yale ya shali. Hapo kwanza wataalamu waliyaita K99, K ikiwa ni herufi ya mwanzo ya neno la Kijerumani Kapsel, kwa kuwa yalihesabiwa kuwa sehemu ya ganda. Yalipotambulikana kuwa nyuzi, yakaitwa F5. Matamvua haya huota katika joto la mwili wa mnyama; katika digrii 18 hayaoti.

Wala hayashiki kila kitu kama gundi. Hushika sukari ya namna maalumu iliyo juu ya seli za utumbo mdogo. Sukari hiyo ni nyingi kwa ndama mchanga, na hupungua kadiri akuavyo. Kwa hiyo ndama mkubwa hapatwi kwa urahisi. Bakteria akisha kuambata, huongezeka na kutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi, hata ndama akakaukiwa.

Sasa tutazame kinga. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili, basi ndama huzaliwa karibu hana hata moja. Huzipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na utumbo wake huzipitisha damuni kwa muda wa saa 24 tu hivi, vizuri zaidi katika saa 6 za mwanzo. Mama akichanjwa majuma kadhaa kabla ya kuzaa, maziwa hayo huwa na kingamwili zinazoyafunika matamvua ndani ya utumbo, yasipate pa kushika. Hapo bakteria, hata akiwa hai, hurudi kuambaa.

Basi amwagaye dang'a kwa kuona ni nzito na ya manjano, au amcheleweshaye ndama kunyonya mpaka kesho yake, amemnyima kinga ambayo hataweza kumrudishia.